Hatua Moja Nje ya Maua

Sogeeni, wanangu, msikae mbali kana kwamba mmekuja kumwona mgonjwa wa watu wengine. Mkubwa, vuta kile kiti uketi upande wa miguu yangu, nikuone bila kugeuza shingo. Na wewe kitindamimba wangu, acha kuifuta hiyo mikono, gundi ya viatu haijamuua mama wa mtu bado. Kaa hapa hapa kitandani. Mwalimu, jirani yangu, ahsante kwa kuja na daftari. Andika ninavyosema, usininyooshee lugha, na nikikosea acha kosa langu lilivyo, ili nikishaondoka asitokee mtu wa kusema kwamba haya ni maneno yako na mimi nilikuwa nimelala.

Maneno ninayo, pumzi ndiyo inayonipigia hesabu. Kwa hiyo asinikatize mtu.

Mnasikia huko nje? Hayo ni matofali yanateremshwa. Kijana wa baba yenu mdogo ameambiwa na baraza la ardhi kwamba mpaka wake ni uzio wangu wa maua, na kesho kutwa anaung'oa ili ajenge ukuta mahali pale pale ulipo. Najua mmekuja mkitegemea niseme juu ya nyumba, na nyumba nitaifikia, lakini hamtaielewa nyumba bila kuuelewa uzio, kwa hiyo nisikilizeni tangu mwanzo, hata pale mnapodhani mnapajua.

Babu yenu aliugawa uwanja huu kwa wanawe wawili akiwa mzima, mchana kweupe, mbele ya watu. Upande huu wa baba yenu, upande ule wa mdogo wake, seremala, ambaye mtaa mzima unamwita Futi kwa sababu hata akisalimiwa humpima mtu kwanza kabla ya kuitikia. Babu yenu akapigilia mabomba mawili ya chuma, moja huku barabarani na moja kule nyuma, akasema: kutoka hili mpaka lile. Hakuna aliyeandika. Kuandika kitu ambacho ndugu wawili wamekisikia kwa masikio yao manne kungeonekana kama kuwatukana.

Baba yenu alipofariki, Mkubwa ulikuwa na miaka kumi na mmoja na mdogo wako alikuwa anatambaa. Karakana ya Futi ilikuwa pale ng'ambo, wazi, na mafundi wake watano. Sina neno baya juu ya mafundi wale, walikuwa vijana wanaofanya kazi zao. Lakini kila nilipotoka kuanika nguo, randa zilinyamaza. Mwanamke akiwa na mume huisikia randa inavyofanya kazi. Akishakuwa mjane huisikia inavyonyamaza. Nikataka kujisitiri. Ningeweza kuweka mabati, na mabati yalikuwepo, lakini mabati kati ya mjane na shemeji yake yangesema "sikuamini" kwa sauti ya kusikika barabarani. Maua yangesema neno lile lile kwa adabu. Nikachagua maua.

Mnajua nilifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali miaka ishirini na tisa, mashuka yakiingia na damu na kutoka yamenyooka kama karatasi. Nyuma ya chumba kile palikuwa na uzio wa yale maua makubwa mekundu yenye ulimi mrefu wa njano, yanayochanua asubuhi na kusinyaa jioni. Mzee wa bustani aliyaita haibiskasi, mimi niliyaita maua ya hospitali. Siku alipokuwa anaupunguza uzio nilimwomba matawi yaliyokatwa. Akanichagulia yeye mwenyewe, yenye unene wa kidole, akayakata kwa urefu wa kutoka kiwiko mpaka kiganja, akapukutisha majani yote akaacha mawili juu, akaniambia vifundo viwili viingie udongoni na viwili vibaki nje. Nikayafunga katika kitambaa cha shuka lililotupwa, nikalilowesha, nikayabeba kichwani mpaka hapa.

Kabla sijaondoka akanifundisha jambo moja zaidi, na hilo ndilo lililotufikisha hapa. Alisema, "Mama, mti wa uzio haupandwi mpakani. Rudi ndani hatua moja. Siku ya kuupunguza utazunguka nyuma yake ukiwa bado umesimama kwako, hutamwomba mtu ruhusa." Nilimwona mtu mwenye akili sana. Na alikuwa na akili. Ila hospitali ina ramani kabatini yenye mihuri, na mimi nilikuwa na kichwa changu tu. Nilichukua kanuni ya watu wenye karatasi nikaileta kwenye uwanja usio na karatasi.

Siku ya kupanda, Mkubwa, wewe ndiye uliyeshika ncha ya kamba pale barabarani. Uliniuliza, "Mama, bomba liko huku, mbona unasogea ndani?" Nikakueleza. Ukalirudia kama somo la darasani: "Ili tukate pande zote mbili tukiwa kwetu." Nikacheka, nikakuambia hivyo hivyo. Sijawahi kukuona ukisahau kitu. Mpaka leo unakumbuka nani alivaa nini siku ya harusi yako na nani alikuja bila zawadi.

Usilie bado. Sijafika.

Maua yalishika. Mwaka wa pili yalinifika kifuani, mwaka wa tatu yakanipita, na kwa mara ya kwanza tangu baba yenu aondoke nilianika nguo zangu za ndani juani kama watu wengine. Futi hakusema lolote juu ya uzio. Miaka mingi tuliongea kupitia majani tu. Nikiwa napunguza upande wangu namsikia ng'ambo anapiga randa, mara anasimama: "Shemeji, huo uzio wako una mawimbi." Namjibu, "Wewe unakata kwa futi, mimi nakata kwa macho." Anasema, "Basi macho yako yalilala upande." Tunacheka, kila mtu na upande wake. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na sitasema hayakuwa ya ndugu.

Halafu mgongo ukanishika, ule mwaka nilioshindwa hata kuinua ndoo. Upande wa nje wa uzio ukaota vibaya. Asubuhi moja nikiwa hapa ndani nikasikia mkasi unakata ng'ambo, taratibu, kwa mpangilio wa mtu anayejua kunyoosha kitu. Alikuwa Futi. Nilipotoka jioni niliukuta upande ule umenyooka kama umepigwa randa. Hapo ndipo nilipotakiwa kwenda kusema maneno machache tu: "Ahsante shemeji kwa kunisaidia kazi yangu." Kazi yangu. Neno hilo moja lingetosha. Sikulisema. Nilijiambia kwamba mtu akikusaidia humkumbushi mipaka, itakuwa kama unamshuku. Na ukweli mwingine, andika Mwalimu, ukweli mwingine ni kwamba mgongo ulikuwa unauma na nilifurahi kupumzishwa. Mwaka uliofuata akakata tena. Na mwaka mwingine. Miaka kumi na saba amekata upande ule, na anayekata kitu miaka kumi na saba, watu wanaopita njiani wanajua kuwa ni chake.

Na mabomba? La mbele lilizikwa barabara ilipoinuliwa. La nyuma nililing'oa mimi mwenyewe. Lilikuwa limeoza chini na linainama, na mimi nilihitaji nguzo ya kamba ya nguo kule karibu na choo. Nikasema mpaka si tunaujua. Hamkulijua hilo? Basi lijueni leo, msije mkamsingizia mtu kulificha.

Hata jiko na bafu nilivijenga kwa ujinga huo huo. Nilivibandika ubavuni mwa nyumba, maana ubavu wa pili umegusana na ukuta wa jirani, mpaka vikagusa mizizi ya maua, nikaziba nafasi yote ya ndani, kwa sababu nilijua kwamba nje ya maua nina hatua yangu moja, na hatua moja inatosha kuwa njia. Ndivyo ikawa. Wewe kitinda ulipohamia vyumba vya nyuma na kuanza kushona viatu, wateja wako walipita pale, nje ya maua, kutoka barabarani mpaka mlangoni kwako. Watu wakadhani wanapita kwa Futi. Na wewe ukadhani hivyo, maana nilikuwa sijakuambia, ukawa kila mwaka unamshonea viatu vya kumshukuru kwa kutupa njia. Viatu vile vilinichoma, mwanangu. Nilikuona ukivipiga rangi kwa furaha, ukimshukuru mtu kwa kukupa kilicho chako, na nikanyamaza, nikasema kwamba siku Futi atakapovikataa nitajua ni mtu mkweli. Hakuvikataa. Alivivaa.

Sasa tufike kwenye baraza.

Kijana wake alipodai kwamba uzio ndio mpaka na njia ni yake, sikuogopa. Nilikwenda nimeshikiliwa na kitinda huku na Mwalimu huku, nikiwa na uhakika wa mtu ambaye hajadanganya. Nilisema niliyowaambia leo. Wazee wa baraza walinisikiliza kwa heshima. Mwenyekiti akauliza, mama, una shahidi? Nikasema ninaye, binti yangu mkubwa alishika kamba, leo yuko kazini lakini mkimwita atakuja. Karani akatazama karatasi zake. Akamtazama mwenyekiti. Akasema, "Huyo ameshaandika." Nikafurahi! Nikamgeukia kitinda nikamwambia, unaona dada yako? Karani akasoma kwa ile sauti yao isiyo na mtu ndani: "Mimi, binti wa mlalamikiwa, nathibitisha kwamba tangu utoto wangu uzio wa maua ndio uliotambuliwa na pande zote mbili kuwa mpaka."

Nilicheka. Muulize Mwalimu. Nilicheka nikasema, mmechanganya majalada. Karani akanigeuzia karatasi nikaiona saini yako, ile yenye mkia mrefu uliyoanza kuifanyia mazoezi ukiwa darasa la sita nyuma ya madaftari yako.

Ulipokuja jioni sikukupigia kelele. Nilikuuliza kwa nini. Ukasema, "Mama, ni hatua moja tu. Tutagombana na watu wa nyumbani kwa hatua moja?" Ukasema baba mdogo ndiye aliyekushika mkono siku ya harusi, ndiye aliyekutengenezea kitanda na meza, na kwamba kijana wake alikuja kwako kwa upole kabla ya kwenda barazani. Ukasema unataka amani. Nimeyafikiria maneno hayo wiki tatu, nimelala hapa naitazama dari, na nataka uamini kwamba nimejaribu kuyaona kwa upande wako. Mtu aliyefiwa na baba akiwa na miaka kumi na mmoja humshika baba aliyebaki. Nalijua hilo. Pengine hata mimi nilikuachia umshike kwa sababu ilinipunguzia mzigo, kama mkasi ulivyonipunguzia.

Lakini kuna jambo nimeliona, na nikishaliona siwezi kulifumbia macho. Wewe ulijua kwamba nyumba hii ya mbele nitakuachia wewe. Nilikuahidi, na mumeo akistaafu mwakani mlikuwa mnahamia. Ulikwishapima madirisha kwa ajili ya mapazia; uliniinamia hapa hapa kitandani ukiomba nisogeze kichwa ili futikamba ipite. Nyumba ya mbele ina mlango wake barabarani. Kwa hiyo hatua ile haikuwa yako. Ilikuwa ya mdogo wako. Ukuta ukishajengwa, mtu wa vyumba vya nyuma hana pa kupita isipokuwa sebuleni humu, kati ya viti vya watu, kisha jikoni, ndipo atokee kwake. Wateja wake nao wangepita humu na viatu vyao vilivyotoboka? Usingekubali, Mkubwa. Mwezi mmoja ungevumilia, wa pili ungenuna, wa tatu ungemwambia atafute pa kushonea. Uliinunua amani kwa njia ya mwenzako. Sisemi uliketi ukapanga hivyo. Nadhani hukufikiri kabisa, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba ulipokuwa unaandika jina lako mdogo wako hakupita kichwani mwako hata mara moja.

Nipe maji, kitinda. Kidogo tu. Basi.

Juzi Futi alikuja hapo dirishani. Hakuingia. Ameshika futikamba yake, ameizungusha kidoleni kama mtu anayetafuta pa kuanzia. Akasema, "Shemeji, umeamkaje?" Nikamwambia, "Nimeamka nimepungua hatua moja." Akainamisha kichwa. Nikamuuliza, "Mabomba uliyaona au hukuyaona?" Akasema, "Niliyashika wakati baba anayapigilia." Nikasema, "Na barazani ulikuwa wapi?" Akasema, "Kijana ndiye anayeongea pale kwangu sasa, shemeji. Mimi naletewa chai tu." Akairudisha futikamba mfukoni, akaondoka. Alikuwa amevaa viatu vyako, kitinda.

Msimchukie. Nawaambia kwa sababu nimejaribu kumchukia na sikupata mahali pa kushika. Ni mzee anayeogopa kunyimwa chai. Mimi mwenyewe nilinyamaza miaka kumi na saba na hakuna aliyenitishia kitu.

Sasa andika vizuri, Mwalimu, hapa pasiwe na mkato unaosomeka namna mbili.

Uzio waacheni waung'oe. Msiende kusimama pale kutazama, msirushiane maneno na kijana yule, na msikate rufaa kwa jina langu nikiwa kaburini. Nguo zangu wapewe wanawake wa chumba cha kufulia waliobaki. Kabati la vyombo lisihamishwe, likiguswa linavunjika miguu. Shuka la kunifungia liko juu ya kabati, nimelipiga pasi mwenyewe, msilikunjue mapema likaingia mikunjo.

Nyumba ya mbele, pamoja na mlango wake wa barabarani na sebule hii, ni ya kitindamimba wangu. Atashonea viatu hapa dirishani, wateja waingie moja kwa moja. Vyumba viwili vya nyuma ni vya binti yangu mkubwa, vyake kabisa, mtu asimtoe. Njia ya kufika huko ni humu ndani.

Tulia. Tulia, Mkubwa, kaa. Nilisema asinikatize mtu. Sikunyang'anyi, nakupa haki yako, nimekupa tu upande uliouandikia saini. Wewe ulisema ni hatua moja. Basi utaihesabu. Utatoka sokoni na kikapu chako, utafungua mlango wa mdogo wako, utapita kati ya watu wanaosubiri viatu, watasimama kukupisha, utasema samahanini, asubuhi na jioni, na mvua ikinyesha utaifuta miguu yako kwenye mkeka usio wako. Nimelipima hili kwa uchungu wote nilionao na sijaona lingine.

Na wewe, kitinda, usitabasamu. Nimekuona. Sikukupa nyumba ili umlipizie dada yako kisasi. Nisikilize, maana sauti inaniishia. Mlango huu wa barabarani, dada yako akiwa hai, usiutie komeo la ndani. Ufunguo atakuwa nao wa kwake. Asibishe hodi. Usimuulize ametoka wapi, usimuulize anabeba nini, usimwache asimame kizingitini akingoja umalize kuongea na mteja. Akipita, msalimie wewe kwanza ingawa ni mkubwa wako, kwa sababu mwenye sebule ndiye anayesalimia. Adhabu yake ni kupita tu. Usimwongezee hata neno. Ukimwongezea, utakuwa umemfanyia yeye alichotaka kukufanyia wewe, na mimi nitakuwa nimegawa uwanja huu vibaya kuliko babu yenu.

Umeandika, Mwalimu? Isome mstari wa mwisho. Hapana... acha, nakuamini. Lete nitie saini. Imepinda, lakini ni yangu.

Mungu awape afya... awape usingizi... awafungulie pale mimi nilipofunga kwa kunyamaza. Kizazi chenu kiseme. Kikidaiwa kiseme, kikipewa kiseme. Mdogo akuheshimu, mkubwa... akuone. Akuone tu.

Nimechoka sasa.

Mkubwa, mbona umesimama mlangoni? Njoo upokee baraka yako. Mdogo wako atasogeza miguu. Kitinda, mpishe dada... mpishe. Haya. Karibu, mwanangu.

Pita.